Joel Bendera: Kutoka benchi la Stars Ndola hadi matope ya Kilosa

KILOSA. Ukikaa kijiweni Kilosa mjini au pale Mikumi kando ya barabara kuu, mjadala wa kocha bora wa Taifa Stars wa muda wote hauishi leo wala kesho. Vijana wanamtaja Hemed Suleiman 'Morocco'. Waliokuwa shuleni miaka ya 2000 wanamng'ang'ania Mbrazili Marcio Maximo. Wazee wakipewa nafasi ya kuongea, hawazunguki. Wanataja jina moja tu, Joel Bendera.

Hapo ndipo vijana wanaposhtuka. Bendera wanamjua, ila kwao ni mkuu wa mkoa, yule aliyekuwa anakuja na msafara wakulima na wafugaji wakishikana mashati. Habari za benchi la Stars hawana kabisa.

Ni mtu mmoja huyo huyo. Maisha yake yana somo kwa kila shabiki anayependa kupanga makocha kwenye ngazi, huyu wa kwanza, yule wa pili.

MWAKA WA VITA, MWAKA WA NDOLA

Turudi 1979. Nchi ndiyo kwanza inatoka kwenye Vita vya Kagera. Kampala ilikuwa imeanguka Aprili mwaka huo, hazina imekauka, na maduka yanaanza kuwa matupu. Katika hali hiyo, Stars ilikuwa inasaka tiketi ya fainali za Mataifa ya Afrika, kitu ambacho haikuwahi kukipata tangu uhuru.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa Zambia. Jijini Dar es Salaam, Stars ilishinda 1-0. Bao moja la nyumbani sio mtaji mkubwa, na kila mtu alijua Ndola kungekuwa na moto. Wenyeji wakatangulia kufunga, uwanja ukalipuka. Dakika zikiwa zinayoyoma, Peter Tino akasawazisha. 1-1. Tanzania ikafuzu kwa jumla ya mabao 2-1, na jina la Tino likaingia kwenye vitabu hadi leo.

Bendera ndiye kocha mzalendo aliyekuwa na kikosi hicho. Hakikuwa kikosi cha mamilioni. Mpira ulikuwa wa ridhaa, na mchezaji aliishi kwa mshahara wa kazi yake nyingine. Hakuna aliyesajiliwa kwa dau, hakuna wakala, hakuna video za kumsoma mpinzani. Kocha alitegemea macho yake, daftari lake na mapafu ya vijana wake.

LAGOS: POINTI MOJA INAYOBEBA HISTORIA

Fainali zilipigwa Nigeria, Machi 1980. Timu zilikuwa nane tu Afrika nzima. Stars ikatupwa kundi moja na wenyeji Nigeria, Misri na Ivory Coast. Kundi la kifo hasa.

Mechi ya kwanza, Nigeria ilishinda 3-1, bao la Stars likifungwa na Juma Mkambi. Misri wakashinda 2-1. Mechi ya mwisho Stars ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Mabao dhidi ya Misri na Ivory Coast yote yalifungwa na Thuwein Ally. Nigeria waliowafunga Stars ndio waliobeba kombe, na Misri wakamaliza nafasi ya nne. Yaani Stars haikupigwa na vibonde.

Kwenye orodha za fainali hizo, jina la kocha linaloandikwa ni la Mpoland Slawomir Wolk, aliyekuwa na timu Lagos. Mashabiki wa nyumbani, wakiulizwa nani aliipeleka Stars kule, wanamtaja Bendera. Yote mawili yana ukweli wake. Soka letu limezoea hivyo. Mgeni anaandikwa kwenye karatasi, mzawa anabaki midomoni mwa watu. Shida ni kwamba midomo huzeeka, na waliokuwepo wakiondoka, jina nalo linaondoka nao.

KWENYE OFISI ZA SERIKALI

Bendera hakukaa benchi maisha yake yote. Mwaka 2005 alichaguliwa mbunge wa Korogwe Mjini, mkoani Tanga, na katika serikali ya awamu ya nne akawa Naibu Waziri wa Habari, Utamaduni na Michezo.

Kipindi hicho Maximo ndiye alikuwa anainoa Stars, na rais wa TFF alikuwa Leodegar Tenga, mmoja wa wachezaji waliokwenda Lagos 1980. Kocha wa zamani yuko wizarani, mchezaji wake wa zamani yuko kwenye shirikisho. Stars ikaenda CHAN ya kwanza kabisa, Ivory Coast 2009, ikawafunga wenyeji 1-0. Mwaka uliofuata Twiga Stars ya Charles Boniface Mkwasa ikafuzu fainali za Afrika za wanawake zilizofanyika Afrika Kusini, mara ya kwanza kwa akina dada wa Tanzania.

Hakuna anayeweza kumpa Bendera sifa ya mabao hayo, kwani waziri hapigi kona. Lakini wizara ilikuwa na mtu aliyewahi kulala kambini na anayejua timu inahitaji nini kabla ya safari.

KILOSA NA MIKUMI: MECHI ISIYO NA FILIMBI

Mwaka 2011 akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro. Kwa mtu wa mpira, huo si mkoa wa kubeza. Mseto ilibeba ubingwa wa Bara mwaka 1975, na Mtibwa Sugar ya Turiani ikabeba 1999 na 2000.

Ila kazi iliyomsubiri haikuwa ya mpira. Wilaya ya Kilosa ilikuwa na jeraha la muda mrefu. Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni kilishuhudia mauaji ya watu zaidi ya 30 katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Miaka kumi na zaidi baadaye, chuki bado ilikuwepo. Ng'ombe akiingia shambani, kijiji kizima kinaamka na mapanga. Upande wa Mikumi, hifadhi ya taifa ipo jirani na vijiji, ardhi ya kulima na kuchungia haiongezeki, watu wanaongezeka.

Hapo hakuna refa wa kupuliza filimbi dakika ya 90. Bendera alipita huko, akakaa vikao, na ukweli usemwe, mgogoro haukuisha mikononi mwake. Alipoondoka bado watu waliendelea kugombana. Kocha anahukumiwa kwa matokeo, na kwenye ubao huu matokeo hayakuwa ushindi.

Januari 2014 ikaja mechi nyingine ngumu. Mvua kubwa zilileta mafuriko Dumila, Magole na Mateteni. Daraja la Dumila kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma likasombwa na maji, magari yakakwama pande zote mbili, na familia nyingi zikabaki bila paa. Mkuu wa mkoa ndiye nahodha wa kamati ya maafa, akitaka asitake. Bendera akawa kwenye matope na wananchi, kazi isiyo na kombe wala medali.

Baadaye mwaka huo alihamishiwa Manyara, akakaa huko hadi alipostaafu 2017. Hakupumzika sana. Desemba 6, 2017 alifariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam.

NANI ZAIDI?

Sasa turudi kijiweni. Baada ya Lagos, Stars ilisubiri miaka 39 kurudi fainali za AFCON. Mnigeria Emmanuel Amunike aliwapeleka Misri 2019, wakapoteza mechi zote tatu, mabao mawili ya kufunga na manane ya kufungwa. Fainali zilizochezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024 zilianza na Adel Amrouche, Morocco akapokea kijiti katikati, wakapata pointi mbili. Kule Morocco, Miguel Gamondi alitoka na sare mbili zilizotosha kuvuka makundi, kabla ya kutolewa na wenyeji 1-0 Januari 2026.

Kwa hesabu za haraka, Gamondi yuko juu. Lakini 2019 na kuendelea ni timu 24 zinazokwenda fainali, na mshindi wa tatu anaweza kupenya. Mwaka 1980 zilikuwa nane. Stars ya Lagos ilifunga mabao matatu kwenye kundi, na Stars ya Gamondi nayo ilifunga matatu kwenye kundi lake. Moja ilirudi nyumbani, nyingine ikasonga mbele.

Marekani wana ubishi kama huu kwenye kikapu cha wanawake vyuoni. Pat Summitt alianza kuifundisha Tennessee mwaka 1974, akifua jezi za timu mwenyewe na kuendesha gari la wachezaji. Alistaafu 2012 akiwa na ushindi 1,098 na mataji manane. Baadaye Tara VanDerveer na Geno Auriemma wakampita kwa idadi ya ushindi. Hata hivyo, hakuna shabiki wa Tennessee anayekubali kwamba amefutwa, kwa sababu waliokuja baada yake walikuta barabara imeshalimwa.

Bendera naye ni mlimaji wa barabara. Na barabara ile inayokatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako madereva hupunguza mwendo kuwapisha tembo, ndiyo inayokwenda hadi Tunduma na kuingia Zambia, nchi ambayo Stars ilikatia tiketi yake ya kwanza.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda wataandaa AFCON pamoja. Stars itaingia bila kuhangaika na Ndola nyingine. Mtoto wa Kilosa atakayeangalia mechi hizo anastahili kuambiwa kwamba yule mkuu wa mkoa aliyekuja kijijini kwao kipindi cha mafuriko ndiye aliyekuwa na Stars siku Peter Tino anasawazisha. Wazee wa kijiweni wasisubiri kuulizwa.