Theodore Roosevelt na Ng'ombe Wake

Theodore Roosevelt anajulikana sana kuwa Rais wa Marekani, tangu 1901 hata 1909. Lakini sisi wa Buzwagi na Shinyanga, watu wa ng'ombe, tungependa kumsimulia kwa habari nyingine: alikuwa mwandishi, akawa mfugaji, na mifugo ikamfia.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba, 1858, mtoto mwenye pumu. Alipokuwa akisoma Harvard alifundisha Shule ya Jumapili katika kanisa moja la Kianglikana, hata kasisi alipomtaka aingie dhehebu hilo. Alikataa, akaachishwa. (Tusicheke, mambo hayo hata kwetu yapo.) Mwaka 1882 alitoa kitabu juu ya vita vya baharini vya 1812, akiwa kijana wa miaka 23.

Mwaka 1883 alikwenda Dakota kuwinda, akaipenda nchi ile, akatoa dola 14,000 kwa ajili ya ng'ombe. Ndipo msiba ukamfika. Tarehe 14 Februari, 1884, katika nyumba moja, mama yake alikufa kwa homa ya matumbo, na saa chache baadaye akafa mkewe Alice, aliyejifungua siku mbili tu kabla. Alimwachia dada yake yule mtoto mchanga, akaenda zake Dakota, akaanzisha ranchi ya pili, Elkhorn. Mchana alipanda farasi pamoja na wachunga ng'ombe wake. Na maisha hayo akayaandikia vitabu. Lakini alipoandika habari za maisha yake mwenyewe, miaka mingi baadaye, Alice hakumtaja hata mara moja.

Malisho ya Dakota yalikuwa ya bure, na matajiri walizidi kuleta ng'ombe. Mwaka 1886 mvua zilipungua, majani yakawa haba. Kisha theluji ikaanguka mapema, ikaganda juu ya yale machache yaliyobaki. Msukuma huweka ngitili kwa siku za shida. Wafugaji wengi wa kule hawakuwa na akiba ya majani makavu. Ng'ombe walikufa kwa maelfu makorongoni. Roosevelt aliporudi mwaka 1887 alikuta zaidi ya nusu ya kundi lake limekwisha.

Mwaka huohuo alianzisha pamoja na wenzake chama cha kutetea wanyama wa porini, na alipokuwa Rais alitenga hifadhi za misitu 150. Kwa maoni yetu, ile mizoga ilimfundisha kuliko vitabu. Hata hivyo alipofika Mombasa mwaka 1909, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 kwa ajili ya jumba la makumbusho la Washington, jambo ambalo sisi hatuwezi kulisifu. Desemba walivuka Ziwa letu la Viktoria kutoka Kisumu hadi Entebbe.

Alikufa tarehe 6 Januari, 1919. Nyumba ya Elkhorn imebaki mawe ya msingi tu, ndani ya hifadhi ya taifa yenye jina lake.