John Peter Altgeld: Gavana wa Muhula Mmoja

Tangu mwaka 1857 hadi 1893, jimbo la Illinois nchini Marekani halikupata gavana asiyekuwa wa chama cha Republican. Aliyeukatiza mkondo huo alikuwa mwana wa wahamiaji maskini. John Peter Altgeld alizaliwa Ujerumani mwaka 1847, akavushwa bahari angali mchanga na kulelewa shambani Ohio. Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baadaye akawa wakili, akatajirika Chicago kwa biashara ya ardhi, kisha akawa jaji. Mwaka 1892, kwa tikiti ya chama cha Democratic, alimbwaga gavana Joseph Fifer.

Ushindi huo ulimrithisha kesi ambayo wakubwa wengi wangalipenda isahaulike. Mei 1886, wakati wa migomo ya kudai siku ya kazi ya saa nane (migomo ambayo ndiyo chimbuko la Mei Mosi inayoadhimishwa hata Kenya), bomu lilirushiwa polisi penye mkutano wa Haymarket, Chicago. Wanaume wanane walitiwa hatiani ilhali mrushaji hakujulikana kamwe. Wanne walinyongwa mwaka 1887, mmoja alijiua gerezani, watatu wakabaki kifungoni.

Altgeld angaliwaachilia kwa jina la huruma tu, na huenda wakubwa hao wangalimvumilia. Hakupita njia hiyo. Tarehe 26 Juni 1893 alitoa msamaha kamili, akaeleza kwa mapana kwamba waamuzi raia waliteuliwa ili watie watu hatiani, kwamba ushahidi haukuwaunganisha washtakiwa na mrushaji, na kwamba jaji alielemea upande mmoja. Kiini cha ghadhabu kilikuwa hapo: aliishtaki mahakama yenyewe. Mwaka uliofuata alimpinga hata Rais Grover Cleveland, wa chama chake, kwa kupeleka wanajeshi Chicago kuuvunja mgomo wa reli.

Mwaka 1896 alishindwa na John Tanner wa Republican. Si haki kuutwika msamaha ule lawama yote. Mdororo wa uchumi ulioanza 1893 ulikuwa umekwisha kukidhoofisha chama chake. Hata hivyo, chama hicho hakikuurejesha ugavana wa Illinois hadi 1913.

Utajiri nao ulimponyoka, akarudia uwakili katika ofisi ya Clarence Darrow. Machi 1902 alizimia mjini Joliet baada ya kuhutubia mkutano wa kuwatetea Makaburu waliokuwa wakipigana na Uingereza. Alifariki siku iliyofuata.