William Blatz: Daktari wa Toronto aliyemtazama mtoto kabla ya daftari

Katika barabara ya Walmer, jijini Toronto, nyumba nambari 45 ni jumba la zamani ambamo watoto husoma, walimu huandaliwa na watafiti hufuatilia jinsi akili ya mtoto inavyokua. Leo taasisi hiyo ya Chuo Kikuu cha Toronto inaitwa Taasisi ya Dr. Eric Jackman ya Masomo ya Mtoto. Aliyeiasisi ni William Emet Blatz, daktari na mwanasaikolojia aliyefariki dunia mwaka 1964. Katika miaka ya 1930 jina lake lilijulikana karibu kila nyumba nchini Kanada. Wapo waliompenda na wapo waliomlaumu.

Swali lililomshughulisha maisha yake yote bado linawakosesha usingizi wazazi wa Mombasa, Mwanza na Kampala, na pia wale wa Afrika Mashariki waliohamia Toronto kwenyewe: ni kitu gani kinachomfanya mtoto awe tayari kuanza shule?

Kitinda mimba wa watoto tisa

Blatz alizaliwa tarehe 30 Juni 1895 katika mji wa viwanda wa Hamilton, jimbo la Ontario, akiwa wa mwisho kati ya watoto tisa wa wahamiaji wa Kijerumani. Alisoma Chuo Kikuu cha Toronto, akapata shahada ya kwanza mwaka 1916 na ya pili mwaka uliofuata.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vikiendelea, na majeruhi walikuwa wakirejeshwa nyumbani kwa meli. Blatz alijiunga na mwalimu wake, Edward Bott, katika kazi ya kuwafundisha upya askari waliopoteza uwezo wa kutumia mikono na miguu. Mbinu yao ilikuwa rahisi. Badala ya kumnyoosha mgonjwa viungo kwa nguvu, walimpa zoezi ambalo aliweza kulifanya mwenyewe na kuyaona maendeleo yake, hata yakiwa madogo kiasi gani. Kila askari alianzia pale alipokuwa, si pale alipofika mwenzake.

Baadaye Blatz alihitimu udaktari mwaka 1921, kisha akaenda Chicago, ambako alipata shahada ya uzamivu katika saikolojia mwaka 1924. Alirejea Toronto akiwa amechagua uwanja mpya. Hakuwa tena na askari waliojeruhiwa; sasa alikuwa na watoto wa miaka miwili hadi mitano. Lakini lile somo la wodi ya majeruhi hakuliacha nyuma.

Shule isiyokuwa na fimbo wala zawadi

Mwaka 1925 ilianzishwa Shule ya St. George ya Masomo ya Mtoto, na mwaka uliofuata milango ya chekechea yake ikafunguliwa. Fedha zilitoka katika mfuko wa familia ya Rockefeller ya Marekani, na mradi uliungwa mkono na Kamati ya Taifa ya Kanada ya Afya ya Akili, iliyoundwa mwaka 1918.

Ni muhimu kukumbuka hali ya zama hizo. Vipimo vya akili vilikuwa vimeenea, na viongozi wengi wa harakati ya afya ya akili, wakiwemo baadhi ya waasisi wa kamati hiyo, waliamini kwamba kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kuwachambua watoto kama mtu apetavyo mchele: wenye akili upande huu, na walioitwa wapungufu upande ule. Aliyewekwa upande wa pili mara nyingi alibaki huko maisha yake yote.

Blatz alichukua njia nyingine. Hakukana kwamba watoto hutofautiana. Alichokisisitiza ni kwamba tabia ya mtoto hutokana kwa kiasi kikubwa na namna anavyotendewa kila siku, na kwamba watu wazima wanaweza kuibadili namna hiyo.

Katika chekechea yake sheria zilikuwa chache, na hazikubadilika kwa kufuata hasira au furaha ya mwalimu. Saa ya kula, ya kulala na ya kucheza ilijulikana. Fimbo haikuwepo, wala zawadi. Mtoto aliyekataa chakula hakubembelezwa wala kulazimishwa. Aliyewavuruga wenzake alitengwa kwa muda mfupi, kisha akarudi kundini. Mashindano kati ya watoto yaliepukwa, kwa sababu Blatz aliona kwamba kumpima mtoto kwa kipimo cha mwenzake humfundisha kiburi au unyonge, na lolote kati ya hayo halimsaidii kujifunza.

Wazazi nao hawakuachwa nje ya lango. Walihudhuria mafunzo yaliyoongozwa na Helen Bott, ambaye mwaka 1928 aliandika pamoja na Blatz kitabu kuhusu wazazi na mtoto ambaye hajafikia umri wa shule.

Usalama wa nafsi

Kutokana na kazi hiyo Blatz alijenga nadharia aliyoiita ya usalama. Kwa maelezo yake, usalama wa nafsi haukuwa na maana ya kukosa hatari. Ulikuwa hali ya mtu aliye tayari kuamua jambo na kuyapokea matokeo yake. Mtoto mchanga hawezi kufikia hali hiyo peke yake. Humtegemea mtu mzima. Akiwa na hakika kwamba mtu huyo yupo, huthubutu kusogea mbali kidogo, kugusa asichokijua, kukosea na kujaribu tena. Akiogopa, hurudi. Akitulia, huondoka upya.

Hivyo, kwa Blatz, kujifunza kulianza na ujasiri wa kuacha goti la mama. Herufi na tarakimu zilikuja baadaye. Mtoto asiye na pa kurudi hutumia nguvu zake zote kujilinda, na hazibaki za kujifunzia.

Wakosoaji walimshambulia vikali. Walidai kwamba shule isiyo na fimbo hulea watoto watundu, na kwamba mwanasaikolojia hana haki ya kuwafundisha akina mama kazi waliyoirithi kwa mama zao. Lakini jaribio kubwa zaidi la mawazo yake halikutoka kwa wakosoaji. Lilitoka katika kijiji kimoja, mamia ya kilomita kaskazini mwa Toronto.

Mapacha watano nyuma ya ua

Tarehe 28 Mei 1934, karibu na kijiji cha Corbeil, mkulima Oliva Dionne na mkewe Elzire, ambao tayari walikuwa na watoto watano, walijaliwa mapacha watano kwa mpigo, wote wasichana. Walizaliwa kabla ya wakati, wadogo mno, na kupona kwao kulishangaza dunia. Waliitwa Yvonne, Annette, Cécile, Émilie na Marie.

Serikali ya Ontario iliwaondoa watoto hao mikononi mwa wazazi wao, na mwaka 1935 ikapitisha sheria ya kuwafanya kuwa chini ya ulezi wa dola. Walijengewa hospitali yao ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya wazazi wao. Kuanzia mwaka 1936 watalii waliruhusiwa kuwatazama wakicheza, kutoka kwenye ujia uliokuwa na kizuizi kilichowawezesha kuona bila kuonekana vizuri. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 3 walifika hapo.

Uamuzi wa kuwatenga haukuwa wa Blatz. Hata hivyo, alikubali kuongoza malezi na utafiti wao kuanzia mwaka 1935. Ratiba ya kuamka, kula, kucheza na kulala ilipangwa kwa kufuata utaratibu wa chekechea ya Toronto, na mienendo ya watoto iliandikwa siku hadi siku.

Utafiti huo ulitoa jambo la maana. Wasichana hao walitokana na yai moja, walikula chakula kimoja na kulala chini ya paa moja, lakini kila mmoja alikuwa na hulka yake. Waswahili husema vidole vya mkono havilingani, na hapa hata vidole vilivyofanana kwa sura vilitofautiana kwa tabia. Aidha, ilibainika kwamba mapacha hao walichelewa kuzungumza wakilinganishwa na watoto wa umri wao.

Lakini utafiti haukuweza kuwapa kile ambacho nadharia ya Blatz mwenyewe iliwataka wawe nacho. Wauguzi walibadilika. Mama aliishi ng'ambo ya barabara, lakini hakuwa wa kukimbiliwa wakati wa hofu. Wazazi, ambao walizungumza Kifaransa na walikuwa Wakatoliki, waliwaona wataalamu waliozungumza Kiingereza kuwa wageni waliowanyang'anya watoto wao. Mwaka 1938, katikati ya mvutano huo, kazi ya Blatz huko ilikoma, na mwaka huohuo akachapisha kitabu kuhusu mabinti hao watano.

Walirudishwa kwa familia yao mwaka 1943. Walipokuwa watu wazima, walieleza machungu ya utoto uliogeuzwa maonyesho, na mwaka 1998 serikali ya Ontario iliwaomba radhi watatu waliokuwa hai na kukubali kuwalipa dola milioni 4 za Kanada. Mtu hawezi kuandika maisha ya Blatz akalipita jambo hili. Aliyefundisha kwamba mtoto huhitaji mtu wa kumtegemea alishiriki katika mpango uliowapa watoto watano watazamaji wengi na walezi wasiodumu.

Vita na malezi ya mchana

Vita Vikuu vya Pili vilimrudisha Blatz katika kazi ya umma. Mwaka 1942 alikwenda Birmingham, Uingereza, pamoja na wataalamu kutoka Kanada, kuanzisha kituo cha kuwafunza walezi wa watoto wadogo ambao mama zao walikuwa wakifanya kazi viwandani. Nyumbani Ontario, vituo vya malezi ya mchana vilifunguliwa kwa sababu hiyohiyo.

Vita vilipokwisha, serikali kuu ilisitisha fedha zake. Akina mama wa Toronto walipinga vituo kufungwa, na mwaka 1946 Ontario ilipitisha sheria ya kusimamia vituo vya kulelea watoto. Dorothy Millichamp, mshirika wa Blatz tangu miaka ya mwanzo, alikuwa miongoni mwa waliojenga usimamizi huo. Mambo yaliyofanyiwa kazi katika chekechea moja sasa yaliingia katika kanuni za jimbo zima.

Kutoka Toronto hadi Buganda

Katika miaka ya 1930 Blatz alimfundisha mwanafunzi mmoja aliyeitwa Mary Salter. Tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya nadharia ya usalama. Baada ya kuolewa alijulikana kama Mary Ainsworth, na mwaka 1954 alifika Kampala kumfuata mumewe, aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Huo ulikuwa wakati ambapo Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa uhamishoni Uingereza.

Akisaidiwa na mkalimani wa Kiganda, Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwafuatilia watoto wachanga 28 kwa miezi kadhaa. Alikusudia kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi anapoachishwa ziwa, lakini akakuta kwamba wengi hawakuifuata tena. Aliloliona sebuleni lilimvutia zaidi. Mtoto alitambaa kwenda kumchunguza mgeni, akageuka kumtazama mama, akaendelea. Watoto ambao mama zao walizijua vizuri tabia zao ndogondogo walilia kidogo na kuthubutu zaidi. Wengi walikuwa na mapenzi pia kwa baba, bibi au ndugu.

Kitabu cha utafiti huo kilichapishwa mwaka 1967, na leo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya malezi duniani. Fikra iliyoanzia Toronto ilipata ushahidi wake wa mapema kwa akina mama wa Kiganda.

Blatz hakuwahi kukisoma. Aliacha ukurugenzi wa taasisi mwaka 1960, na akafariki Toronto tarehe 1 Novemba 1964. Kitabu chake cha mwisho, kuhusu usalama wa binadamu, kilitoka mwaka 1966.

Tangu mwaka 2014 shule za umma za Ontario zimekuwa zikiwapokea watoto wote wa miaka minne na mitano kwa siku nzima. Afrika Mashariki nayo imeipa elimu ya awali nafasi kubwa zaidi katika sera zake. Hata hivyo, bado wapo watoto wa miaka mitatu wanaofanyiwa usaili ili wapate nafasi, na wapo wanaoitwa wazito kwa sababu tu wamechelewa kusema au kushika kalamu. Maisha ya Blatz, kwa mema yake na kwa kosa lake kubwa, yanamwelekeza mwalimu na mzazi kulitazama jambo jingine kwanza: asubuhi ya siku ya kwanza, mtoto huyu anapogeuka nyuma langoni, yupo mtu anayemjua?