Tabibu wa Misri na Nyota Ngeni ya Mwaka 396

Wanapotajwa wataalamu wa falaki wa Kiislamu, aghalabu twasikia majina ya al-Biruni na al-Sufi. Leo napenda kuwasimulia habari za mtu ambaye hakuwa na kazi katika kasri ya mfalme wala chombo cha thamani cha kupimia mbingu, lakini aliona kwa macho yake jambo ambalo wataalamu wa leo wangetoa mali nyingi kuliona. Huyo ni Ali ibn Ridhwan, tabibu wa Misri.

Alizaliwa Giza mnamo mwaka 988, na babake alikuwa mwoka mikate. Alipotimiza miaka 10 alihamia mjini kutafuta elimu, na hapo ndipo tabu ilipoanza. Fedha za kuwalipa walimu hakuwa nazo. Basi akajisomea mwenyewe vitabuni, na ili apate riziki akawa akiwatazamia watu nyota. Wako waliosimulia kwamba alikuwa akikaa kando ya njia akingoja wateja. Mimi sioni aibu katika hilo. Njaa haimngoji mtu amalize chuo.

Katika mwaka 396 wa Hijria, yaani 1006, wakati wa Khalifa al-Hakim wa Kifatimi, kijana huyu alikuwa na miaka kama 18. Ghafla ikatokea nyota ngeni katika buruji ya Nge, mahali pasipokuwa na kitu. Ilikuwa kubwa kuipita Zuhura mara mbili na nusu hadi tatu, ikimetameta sana, na nuru yake, kwa makisio yake, ilizidi kidogo robo ya nuru ya mwezi. Ikakaa hivyo hadi jua lilipofika buruji ya Mashuke, kisha ikatoweka.

Walioiona walikuwa wengi, kuanzia Uchina hadi Ulaya. Lakini Ibn Ridhwan alifanya jambo la maana zaidi: aliandika jua, mwezi na sayari zilikuwa wapi usiku ule. Kwa hesabu hizo wataalamu wa siku zetu wameweza kuijua tarehe hasa, nayo ni 30 Aprili 1006. Mwaka 1965 Gardner na Milne, wakitumia darubini ya redio huko Australia, walikuta pahali pale wingu la mabaki ya mlipuko, umbali wa kiasi cha miaka 7,000 ya mwendo wa nuru.

Nyota kama hizo huwa mbili zinazozungukana. Moja imekwisha zeeka na kusinyaa, ikawa nzito ajabu, na humnyonya mwenziwe. Yako majozi ambayo mzee huyo hulipuka kwa juu juu tu, akatulia, akanyonya tena, akalipuka tena. Nyota moja ya Taji la Kaskazini ilifanya hivyo mwaka 1866 na tena mwaka 1946. Ile ya Ibn Ridhwan haikuwa ya kurudia. Ilivunjika yote, na kwa kuwa mwenziwe hajaonekana katika mabaki, yadhaniwa kwamba nyota mbili zilizosinyaa ziligongana.

Sisi wa Pwani tuna haki ya kujiuliza jambo moja. Huko Kairo nyota ile ilikuwa chini chini upande wa kusini. Huku kwetu ilipanda juu zaidi, na huko Shanga, kisiwani Pate, msikiti ulikuwapo tayari. Bila shaka watu waliotoka msikitini usiku waliiona. Hakuna maandishi yao yaliyotufikia.

Yeye mwenyewe aliieleza nyota hiyo katika sherehe ya kitabu cha unajimu cha Ptolemy, na aliihesabu kuwa dalili ya misiba. Hapo simfuati. Mtume alikwisha wakanya watu wasidhani kuwa jua hupatwa kwa ajili ya kifo cha mtu, na nyota nazo ni vivyo hivyo. Lakini vipimo vyake ni vya kweli, na ndivyo vilivyobaki.

Baadaye utabibu ulimtajirisha, akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Ulimi wake, hata hivyo, ulikuwa mkali. Alipokuja Ibn Butlan, tabibu Mkristo kutoka Baghdad, waligombana kwa maandishi, chanzo kikiwa ni kama kifaranga cha kuku ndicho chenye tabia ya joto zaidi au kinda la ndege! Ndani yake mlikuwamo swali kubwa: je, mtu aweza kuwa tabibu kwa vitabu bila mwalimu? Ibn Ridhwan, aliyekosa ada ya mwalimu, angejibu nini kingine? Ibn Butlan alimcheka sura, akamwita mamba wa majini. Mwishowe mgeni aliondoka na kinyongo chake akaenda Constantinople, naye, ajabu ya mambo, akaandika habari za nyota ngeni nyingine, ile ya mwaka 446 wa Hijria, yaani 1054.

Wakati wa njaa kubwa iliyoikumba Misri, Ibn Ridhwan alimchukua msichana yatima akamlea nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba siku moja binti huyo alichukua dhahabu na vitu vya thamani, kiasi cha dinari 20,000, akatoroka, asionekane tena. Tangu hapo akili za mzee zikabadilika. Alifariki karibu na mwaka 1061.