John Quincy Adams: Mwakilishi Aliyekataa Kuzibwa Kinywa

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Historia ya Marekani katika karne ya 19 ina kisa kinachoigeuza methali hii, kwani huko nyasi ziliumia pale fahali wawili walipopatana. Vyama viwili vikuu, Democratic na Whig, vilizozana kuhusu benki, ushuru wa forodha na ujenzi wa barabara. Kuhusu utumwa, hata hivyo, vilikubaliana kunyamaza, na hatimaye vikataka raia nao wanyamaze. Aliyesimama kuupinga ukimya huo alikuwa mzee aliyekwisha kuwa Rais wa nchi hiyo, akashindwa katika uchaguzi, kisha akarudi kuketi miongoni mwa wawakilishi wa kawaida. Jina lake ni John Quincy Adams.

Kuzaliwa na Malezi

Adams alizaliwa tarehe 11 Julai 1767 mjini Braintree, katika Massachusetts iliyokuwa bado koloni la Uingereza. Babaye, John Adams, alikuwa wakili ambaye baadaye alikuwa Rais wa pili wa Marekani. Mamaye, Abigail, alikuwa mpenzi mkubwa wa vitabu na ndiye aliyemfunza mwanawe misingi ya elimu nyumbani. Mnamo Juni 1775, kijana huyo akiwa hajatimiza miaka minane, mamaye alimpandisha kilimani wakaona kwa mbali moshi wa mji wa Charlestown ulioteketea wakati wa mapigano ya Bunker Hill. Tangu utotoni, basi, aliujua uhuru kuwa kitu kinachonunuliwa kwa damu.

Mwaka wa 1778 alivuka bahari pamoja na babaye aliyetumwa Ufaransa kuutetea uhuru wa taifa hilo changa. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alisafiri hadi Saint Petersburg nchini Urusi akiwa katibu na mkalimani wa Kifaransa wa mjumbe Francis Dana. Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza kuandika shajara, kazi aliyoianza mwaka wa 1779 na kuiendeleza hadi mwaka wa kifo chake. Shajara hiyo ina mijalada 51. Alihitimu katika Chuo cha Harvard mwaka wa 1787, akasomea uanasheria, na mwaka wa 1794 Rais George Washington akamteua kuwa balozi nchini Uholanzi.

Nira ya Chama

Katiba ya Marekani haikutaja vyama popote. Waasisi wengi wa jamhuri hiyo waliviogopa, wakihofu kwamba mtu akiisha kujifunga chamani ataacha kujiuliza lipi ni jema kwa nchi na kuanza kujiuliza lipi litawashinda wapinzani. Licha ya hofu hiyo, vyama vilichipuka mapema. Adams alipoingia Seneti mwaka wa 1803 aliingia kama mfuasi wa Federalist, chama cha babaye na cha matajiri wengi wa jimbo lake.

Haukupita muda kabla ya kutofautiana nao. Aliunga mkono ununuzi wa eneo la Louisiana kutoka Ufaransa, jambo ambalo wenzake walilichukia. Mwaka wa 1807 Rais Thomas Jefferson, aliyekuwa hasimu wa Federalist, alipendekeza marufuku ya biashara ya ng'ambo ili kuiadhibu Uingereza kwa kuzishambulia meli za Marekani na kuwateka mabaharia wake. Marufuku hiyo iliwatia hasara wafanyabiashara wa Boston, lakini Adams aliipigia kura kwa kuamini kwamba heshima ya taifa ilihitaji hivyo. Chama hakikumsamehe. Mnamo Juni 1808 bunge la Massachusetts, ambalo wakati huo ndilo lililowachagua maseneta, lilimchagua mrithi wake miezi mingi kabla ya muhula wake kwisha. Adams hakungoja kusukumwa, akajiuzulu.

Miaka iliyofuata ilimpa nafasi ya kuitumikia nchi pasipo nira hiyo. Alikuwa balozi nchini Urusi, akaongoza ujumbe uliotia saini mkataba wa amani na Uingereza mjini Ghent mnamo Desemba 1814, kisha akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje kuanzia 1817 hadi 1825 chini ya Rais James Monroe.

Urais Usio na Jeshi

Katika uchaguzi wa 1824 wagombea wanne waligawana kura za wajumbe wa uchaguzi. Andrew Jackson alipata 99, Adams 84, William Crawford 41 na Henry Clay 37. Kwa kuwa hakuna aliyepata wingi uliotakiwa, Katiba ililipa Baraza la Wawakilishi jukumu la kuamua. Clay alimuunga mkono Adams, naye Adams akashinda mnamo Februari 1825. Muda mfupi baadaye alimteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Wafuasi wa Jackson walipiga kelele kwamba urais ulikuwa umeuzwa, na doa hilo halikufutika katika muhula wote.

Adams alitaka serikali ijenge barabara na mifereji, ianzishe chuo kikuu cha taifa na kituo cha kuchunguza nyota. Bunge lilimnyima karibu yote. Aghalabu tatizo lilikuwa kwamba hakuwa na watu wa kumpigania, kwani alikataa kuwafukuza watumishi wa umma ili nafasi zao wapewe makada. Katika miaka minne aliwaondoa 12 tu. Hata mkuu wa posta, John McLean, aliyejulikana kuwa karibu na kambi ya Jackson, aliachwa kazini kwa sababu alikuwa hodari. Mkono mtupu haulambwi, na wanasiasa wa enzi hiyo walilijua hilo vyema. Kambi ya Jackson ilijipanga kata kwa kata, ikazaa chama cha Democratic, na mwaka wa 1828 ikamshinda Adams kwa kura 178 dhidi ya 83.

Alirudi nyumbani akiwa amevunjika moyo, na mwaka wa 1829 akampoteza mwanawe wa kwanza. Wengi waliamini kwamba kitabu cha maisha yake kilikuwa kimefungwa.

Kanuni ya Kuziba Vinywa

Mwaka wa 1830 majirani zake walimwomba agombee kiti katika Baraza la Wawakilishi. Alikubali kwa masharti kwamba hatafanya kampeni na wala hatapokea amri za chama wala za wapigakura. Alichaguliwa mara tisa mfululizo. Katika miaka hiyo vyama tofauti vilimwita wao, lakini kila kimoja kiligundua kwamba hakuwa wa kutegemewa siku ya kura.

Ili kuelewa vita alivyovipigana, yafaa kwanza kuelewa kilichovifunga vyama vinywa. Katiba iliruhusu majimbo yenye watumwa kuwahesabu watatu kwa kila watumwa watano wakati wa kugawa viti vya uwakilishi. Mtumwa hakuwa na kura, lakini kuwepo kwake kulimwongezea bwana wake nguvu bungeni. Halikadhalika, viwanda vya nguo vya Kaskazini vilitegemea pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Ile merikani iliyouzwa Unguja na pwani yetu na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ilitokana na biashara hiyo hiyo. Tena chama kilichotaka urais kilihitaji kura za Kusini na za Kaskazini pia. Kila chama kiliogopa kwamba kikifungua mdomo kuhusu utumwa kitapasuka vipande viwili.

Raia, hata hivyo, walikuwa na mlango mmoja uliosalia wazi, nao ni ardhilhali, yaani ombi la maandishi linalowasilishwa kwa watawala. Haki hiyo ilikuwa imelindwa na Katiba tangu 1791. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao wanawake wasiokuwa na kura, walitia saini ardhilhali za kuomba utumwa ukomeshwe katika mji mkuu wa Washington, uliokuwa chini ya mamlaka ya Bunge moja kwa moja. Mnamo tarehe 26 Mei 1836, kwa pendekezo la Henry Pinckney wa South Carolina, Baraza lilipitisha kwa kura 117 dhidi ya 68 kwamba ardhilhali zote zinazohusu utumwa ziwekwe kando bila kuchapishwa wala kujadiliwa. Jina la Adams lilipoitwa ili apige kura, alitangaza kwamba azimio hilo lilivunja Katiba, kanuni za Baraza na haki za waliomchagua. Sauti yake ilizamishwa na kelele za kumtaka aketi.

Hakuketi. Kila kikao kilipofunguliwa alileta lundo la ardhilhali na kutafuta mwanya wa kuzitaja. Mnamo Februari 1837 alimuuliza Spika, James Polk, iwapo karatasi iliyoonekana kutiwa saini na watumwa ilikuwa chini ya azimio lile. Ukumbi ulichafuka, wengine wakitaka aadhibiwe na hata afukuzwe. Baada ya ghasia ndefu ndipo alipofichua kwamba karatasi yenyewe ilipinga kukomeshwa kwa utumwa. Wakali wale walikuwa wamekasirikia ombi lililowaunga mkono. Jaribio la kumwadhibu lilishindwa, ingawa Baraza liliazimia kwa wingi mkubwa wa kura kwamba mtumwa hana haki ya kuomba. Mwaka uliofuata Adams aliitetea kwa siku nyingi haki ya wanawake ya kuwasilisha ardhilhali.

Mwaka wa 1840 azimio lile lilifanywa kanuni ya kudumu, kali zaidi ya awali, na safari hii aliyelipendekeza alikuwa mfuasi wa Whig, William Cost Johnson wa Maryland. Chama cha Whig kilipopata wingi bungeni mwaka wa 1841, kanuni haikuondolewa. Mwenye kudhani kwamba kubadilisha chama tawala kungeleta nafuu alijionea mwenyewe.

Mwaka huo huo Adams, akiwa na umri wa miaka 73, alisimama mbele ya Mahakama ya Juu kuwatetea Waafrika wa jamii ya Mende walioiasi meli ya Amistad mwaka wa 1839. Serikali ya Rais Martin Van Buren, wa Democratic, ilitaka wakabidhiwe Wahispania. Tarehe 9 Machi 1841 mahakama iliamua kwamba walikuwa watu huru. Serikali iliyofuata, iliyoingia kwa tiketi ya Whig, ilikataa kuwapa meli ya kurudi kwao, na ilibidi michango ya raia iwarudishe manusura 35 hadi Sierra Leone.

Kilele cha vita kilikuwa Januari 1842. Adams aliwasilisha ardhilhali ya wakazi 46 wa Haverhill, Massachusetts, walioomba muungano wa Marekani uvunjwe. Yeye mwenyewe aliupinga ujumbe wao, na aliomba iundwe kamati ya kuwaeleza kwa nini ombi lao lisikubaliwe. Wapinzani walimshtaki mbele ya Baraza kama msaliti. Kwa takriban majuma mawili mzee huyo alijitetea, na kwa kuwa mshtakiwa hawezi kunyimwa nafasi ya kujibu, aliutumia utetezi wake kuujadili utumwa waziwazi katika ukumbi ule ule uliopiga marufuku mjadala huo. Tarehe 7 Februari washtaki waliona heri kesi iachwe, na ikaachwa kwa kura 106 dhidi ya 93.

Bandu bandu huisha gogo. Tarehe 3 Desemba 1844 pendekezo la Adams la kuifuta kanuni lilipita kwa kura 108 dhidi ya 80.

Kasoro Zake

Haifai kumfanya Adams malaika. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje aliidai Uingereza fidia kwa niaba ya mabwana ambao watumwa wao walikimbilia majeshi ya Uingereza katika vita vya 1812. Mwaka wa 1820 aliuita utumwa uovu katika shajara yake, lakini akaunga mkono mapatano yaliyoiruhusu Missouri kuwa jimbo la watumwa. Hata alipowasilisha ardhilhali za kwanza mwaka wa 1831, alitangaza kwamba hakuunga mkono kukomeshwa kwa utumwa mjini Washington. Alianza kwa kutetea haki ya kuomba tu, na ni katika kuitetea haki hiyo ndipo alipozidi kuuona ukubwa wa dhuluma waliyoilalamikia waombaji.

Kifo na Urithi

Tarehe 21 Februari 1848 Adams alianguka akiwa kitini mwake bungeni. Alibebwa hadi chumba cha Spika, na huko akafariki siku mbili baadaye. Miongoni mwa wawakilishi wa Baraza hilo alikuwemo mgeni mmoja kutoka Illinois, Abraham Lincoln. Adams alikuwa amewahi kufafanua bungeni kwamba wakati wa vita serikali ingekuwa na mamlaka ya kuwaweka huru watumwa. Lincoln aliyatumia mamlaka ya aina hiyo tarehe 1 Januari 1863.

Maisha ya Adams yanaonyesha kwamba wingi wa vyama hautoshi kuilinda jamhuri. Vyama viwili vyaweza kukabana koo kila siku na bado vikashirikiana kulificha jambo linaloviumiza vyote. Hapo raia hubaki na haki moja, ile ya kubisha hodi kwa jina lake mwenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inampa kila mtu haki hiyo katika kifungu cha 119, kinachomruhusu kuwasilisha ardhilhali Bungeni. Haki ya namna hii huonekana ndogo, hadi siku mlango unapofungwa. Adams alihitaji miaka minane kuufungua tena, na alianza kwa kuipokea karatasi ya mtu ambaye hakukubaliana naye.