Mwigizaji wa Marekani Aliyejifunza Kiswahili

Katika vibanda vya video vya mitaa kama Tassia, hapa Nairobi, msimulizi huyatia Kiswahili matendo ya mashujaa wa filamu za Marekani, na vijana wetu wa shule huwajua mashujaa hao kwa majina. Hata hivyo, ni wachache mno, walimu wao wakiwemo, wanaojua kwamba mmoja wa waigizaji mashuhuri zaidi wa Marekani wa miaka ya 1930 aliketi darasani mjini London akijifunza Kiswahili. Mtu huyo ni Paul Robeson.

Robeson alizaliwa Princeton, jimbo la New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Babake alizaliwa mtumwa, akatoroka angali kijana, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Mwana aliingia Chuo cha Rutgers mwaka 1915 kwa ufadhili, akavuma katika masomo na katika kandanda ya Kimarekani, kisha akahitimu sheria Columbia mwaka 1923. Uwakili aliuacha upesi, baada ya karani mzungu kukataa kuandika maneno yanayotoka kinywani mwa mtu mweusi. Sauti iliyokataliwa ofisini ndiyo iliyokuja kujaza kumbi za Ulaya na Marekani. Ajabu ni kwamba filamu yake ya kwanza, Body and Soul ya mwaka 1925, ilikuwa bubu.

Alihamia London na mkewe Eslanda, akaigiza Othello mwaka 1930, na mwaka 1933 akawa nyota wa The Emperor Jones. Mwaka uliofuata alisomea fonetiki na Kiswahili katika Chuo cha Mafunzo ya Mashariki, ambacho leo tunakijua kama SOAS. Sisi wanaisimu hatuna budi kutulia hapa kidogo. Zama hizo Wazungu wengi waliziona lugha za Kiafrika kuwa duni, zisizoweza kubeba fikra nzito. Robeson alipinga dhana hiyo hadharani. Alishikilia kwamba Mmarekani mweusi aliyenyimwa lugha za wahenga wake angeweza kuzirudia kwa kujifunza, kama mtu anavyojifunza Kifaransa au Kirusi.

Katika jiji hilohilo, Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye tulimwita Jomo, alikuwa akitoa sauti yake kwa wanafonetiki wa Chuo Kikuu cha London. Matamshi yake ndiyo msingi wa kitabu cha Lilias Armstrong kuhusu fonetiki na toni za Kikikuyu, kilichochapishwa mwaka 1940.

Wawili hawa walikutana katika filamu ambayo ni aibu kuitazama. Sanders of the River, iliyotengenezwa na ndugu wawili wa ukoo wa Korda na kutolewa mwaka 1935, inasimulia habari za ofisa wa Kiingereza nchini Nijeria: akiwapo kuna amani, akiondoka Waafrika wanachinjana. Robeson aliigiza Bosambo, chifu mtiifu kwa ofisa huyo. Kenyatta, aliyekuwa akiishi kwa dhiki, alipata kijisehemu miongoni mwa machifu. Kijiji chenyewe kilijengwa Shepperton, karibu na London. Picha za ngoma halisi zilizoletwa kutoka Afrika zilimshawishi Robeson kwamba utamaduni wetu ungeheshimiwa. Filamu ilipotoka, ilikuwa wimbo wa kuusifu ukoloni.

Robeson aliikana, akilaumu uhariri uliofanywa baadaye. Kwa maoni yangu utetezi huo haukidhi, maana utiifu wa Bosambo ulikuwamo katika mchezo tangu mwanzo. Lakini hakukosea mara mbili kwa njia ileile. Katika Song of Freedom, ya mwaka 1936, alidai na akapewa haki ya kuidhinisha toleo la mwisho. Katika The Proud Valley, ya mwaka 1940, aliigiza mchimba makaa miongoni mwa wachimbaji wa Wales. Aliposhiriki Tales of Manhattan mwaka 1942, akaona tena watu weusi wamefanywa kichekesho, aliipa Hollywood mgongo. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Yaliyofuata yalikuwa ya siasa. Aliongoza Baraza la Masuala ya Afrika, lililotetea uhuru wa makoloni, na mwaka 1950 serikali ya Marekani ikamnyang'anya pasipoti. Miaka miwili baadaye Waingereza walimkamata Kenyatta. Basi mmoja akawa kifungoni Lokitaung, na mwenzake amefungiwa ndani ya nchi yake. Mwaka 1957 Robeson aliwaimbia wachimba migodi wa Wales akiwa New York, sauti ikipita katika kebo ya simu chini ya bahari. Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958. Siwezi kuficha kwamba mtu huyu, aliyeona wazi dhuluma za wakoloni, alinyamazia hadharani mauaji ya Stalin, na mwaka 1952 alitunukiwa tuzo yenye jina la kiongozi huyo.

Afya yake ilidhoofika. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976, wakati yule chifu wa Shepperton akiwa Rais wa Kenya. Sanders of the River ingali inapatikana, na mwalimu wa historia anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake. Awaombe wazitazame nyuso za wale machifu walioketi nyuma ya Robeson.