John Dalton na jasho la glasi
John Dalton, mtoto wa mfumaji, alizaliwa Uingereza mwaka 1766. Alianza kufundisha shule akiwa na miaka 12, na tangu 1787 aliandika habari za hali ya hewa hadi alipofariki mwaka 1844. Alimimina maji baridi kwenye glasi, akaifuta nje; matone yakarudi. Maji yalipopata joto kiasi, hayakutokea tena. Glasi haikuvuja: mvuke uliomo hewani hupoa ukigusa kitu baridi, ukawa maji. Ndivyo ukuta wa chumba cha mtoto unavyolowa usiku wa baridi. Unyevu huo huotesha ukungu, unaoweza kuchochea kikohozi na pumu. Mama, mlezi: fungua dirisha unapopika, anika nguo nje.